Jirani Aliyemsomea Mama

Mama tulimzika siku ya Jumamosi. Ibada ilifanyika asubuhi katika kanisa letu la Kibatisti, alimoimba kwaya tangu tulipovuka mpaka kutoka kwetu Uvira, mimi nikiwa mgongoni mwake. Mimi ndiye kitindamimba, lakini wakubwa zangu walinipa kazi ya kusoma historia yake, eti kwa kuwa nimesoma kuwapita.

Niliiandika kwenye karatasi mbili: alikozaliwa, watoto aliowalea peke yake, samaki wakavu aliouza sokoni, miaka aliyoongoza ibada ya akina mama. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kanisa nikiipitia tena, jirani yetu wa mtaani kwetu Buyenzi akanishika mkono. Ni mama wa Kiislamu, mke wa muuza vipuri, na tumekaa naye ukuta kwa ukuta maisha yangu yote.

"Mwanangu," aliniambia, "nataka kusema neno juu ya mama yako. Lakini ni siri yake, ndiyo maana nakuuliza we kwanza. Ukisema apana, nitanyamaza."

"Siri gani, mama?"

"Mama yako hakujua kusoma."

Nilimwambia si kweli. Kila Jumapili nilimwona amefungua Biblia mapajani. Kila Jumatano aliwasomea wenzake, kidole kikitembea juu ya mistari.

"Nilikuwa namsomea mi," alisema. "Siku ya Jumanne, nyinyi mukiwa shuleni. Mara tatu, mara nne, mpaka anashika yote kichwani. Kidole alikuwa anakitembeza tu."

Nikakumbuka karatasi zangu za shule. Kila nilipomletea alinirudishia akisema, "Soma kwa sauti, nisikie kama we mwenyewe unaelewa." Nilidhani ni ukali wake. Niliona haya pale mlangoni, kwa sababu niliishi naye nyumba moja na sikugundua kitu.

"Kwa nini unataka watu wajue?"

"Kwa sababu wanafikiri ilikuwa rahisi kwake kuwasomea."

Nikamwambia aseme, nikaenda kumwarifu mchungaji.

Nilipomaliza kusoma, mchungaji alimwita jirani. Alisimama kando ya jeneza na buibui lake, akasimulia taratibu, bila kuficha wala kuongeza. Mwishoni alisema, "Mi ni Muislamu, lakini Zaburi nyingi ninazo kichwani kwa ajili ya huyu dada yangu." Watu wakacheka kidogo, kisha mchungaji akaanzisha wimbo. Bibi mmoja wa kwaya aliniinamia sikioni. "Hata mi sijui kusoma, mwanangu," alisema. "Nilikuwa namsikiliza yeye." Nilimshika mkono, nikakaa naye hivyo mpaka wimbo ulipokwisha.

Jirani hakwenda nasi makaburini. "Kwetu wanawake hatuendi," alisema, akamwekea mama kiganja juu ya jeneza, akaondoka kwa miguu kurudi Buyenzi.

Tuliporudi kutoka kuzika, vumbi la makaburini likiwa bado miguuni, tulimkuta kwenye uwanja wetu amepanga viti, chai iko motoni. Alikuwa amesimama mlangoni na beseni na jagi la maji. Alitunawisha mikono mmoja mmoja, kuanzia kaka yangu mkubwa. Nilipofika mimi, alimimina polepole, akanipa taulo.

"Ingia ukae, mwanangu," alisema. "Umesimama tangu asubuhi."