Kitako cha Gobore la Dominiko

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini siku ya gobore la Dominiko ndiyo ninayoijutia mpaka leo.

Adriano alikuwa fundi seremala, jirani yangu hapa Izia. Mkewe Agnesi alishafariki. Mwaka ule wa kuhamia vijijini ndugu zake wote walipelekwa upande wa Laela, yeye akabaki na randa zake na vigoda viwili. Wenye magobore walimfuata, maana hakuna aliyejua kuziba mbao ya kitako kwa mafuta kama yeye, kisinywe maji masika yote.

Dominiko alileta lake kutoka Mollo. Alikuwa mlinzi wa shamba la kijiji, na nguruwe pori walishaanza kuingia kwenye mahindi. Adriano akapiga msasa, akafuta kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi za mbao zisimame, akapiga msasa tena. Akapasha mafuta ya kitani na nta ya nyuki, akapaka, akasugua kwa kiganja mpaka mbao ikapata joto. Akamwambia Dominiko arudi Jumamosi, ampakie mkono wa pili wa mafuta mbele ya macho yake.

Jumamosi Dominiko akaja. Wakala mahindi ya kuchoma, wakaongea Kifipa mpaka jua likashuka. Mkono wa pili ukazaa wa tatu, wa tatu ukafika wa sita. Na kila Jumamosi Adriano alinyoa ndevu. Jamani, mtu mzima ananyoa ndevu kumngojea mwenye gobore! Mimi nilicheka peke yangu uani.

Jumamosi ya sita niliingia kuomba moto. Nikamkuta Dominiko analalamika kwamba nguruwe wamemaliza robo ya shamba, na wenzake wanamwita mlinzi wa jina tu. Adriano akamjibu kuwa bado mkono mmoja. Sasa, dada yangu alikuwa analima hukohuko Mollo, na hasira zikanipanda. Nikachovya kidole kwenye kata ya maji, nikadondosha tone juu ya kitako. Likakaa pale duara, halikuzama.

“Mbao hii imeshaziba tangu mwezi uliopita,” nikasema.

Adriano akainamia mikono yake. Dominiko akalichukua gobore, akafika mlangoni, akasimama.

“Ungeniambia tu nije, mzee. Ningekuja.”

Jumamosi iliyofuata Adriano alinyoa ndevu. Dominiko hakuja, wala ile nyingine.

Roho iliniuma, sisemi uongo. Miaka sita nimekaa hatua ishirini kutoka mlango ule, naomba moto, narudi na moto wangu. Kigoda cha pili sikuwahi kukikalia. Basi jioni moja nikaenda, nikakaa.

Adriano akanitazama, akajifuta mikono kwenye suruali, akaniuliza nimeleta nini cha kutengeneza.