Jina la Marehemu Daftarini

Juzi nilikuwa ofisi ya hati hapa Tanga, mtoto mgongoni, nyuma ya bibi mmoja mjane. Shemeji yake alitaka kuliuza shamba la minazi aliloachiwa na mumewe, naye bibi alifuata hati apate kumzuia.

"Shamba liliandikwa kwa jina la nani, bibi?" akauliza karani.

"La baba watoto."

"Jina lake hasa?"

Bibi akajifunika mdomo kwa kanga. "Mwanangu, miaka arubaini sijamtaja. Nianze leo, naye yuko kaburini?"

"Basi shemeji yako atauza!"

Machozi yakamtoka, lakini jina halikutoka. Karani akafungua daftari. "Haya, majina nitayasoma mimi. Nikifika kwake, gonga meza."

Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Katikati ya wa tatu meza ikalia ngo! hata kidau cha wino kikaruka. Bibi alikuwa ameinamisha uso kama bi harusi. Hati ikaonekana, na sote pale tukashusha pumzi.

Nikacheka moyoni, mimi niliyesoma shule. Ndipo karani akanigeukia: "Na wewe, mama, mumeo anaitwa nani?"

Nikamwomba kalamu nimwandikie.