Nywele za Dada Devota

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumfungua dada Devota nywele kabla hazijakauka. Juzi nilimwona binti pale Bukiriro amesokotwa nywele kwa vitambaa, nikaukumbuka mchana ule. Nilikuwa bado mtoto, na kesho ya siku ile dada alikuwa anasimamia harusi, akaniamini nimsokote kwa vipande vya kitenge ili zijikunje. Uani palinukia mafuta ya mgando na maharage. Nilipofungua, zikatimka zote, zikasimama ovyo. Nililia, maana nilidhani nywele zikiharibika hunyolewa tu, kama shuleni.

“Mama wee, nani amekufa?” dada alicheka. “Lete maji, usokote tena.”

Akakaa juani hadi jioni, zikajikunja vizuri. Siku hizi nasuka wateja na bado hukosea, ila silii. Nalowesha, naanza upya.