Upenu wa Mkwe

Alipotoka milimani kuja kuoa uwandani, fundi yule alibeba msumeno, timazi na kipimo kimoja alichofundishwa na baba yake. Kipimo hicho hakikuwa na namba. Ukimaliza kupaua nyumba, unaketi chini, mgongo ukutani, unanyoosha miguu. Mvua ikinyesha na vidole vyako visilowe, upenu umetosha. Kwao mvua haikuwa na adabu. Ilianza asubuhi ikanyesha mpaka watu wakasahau walichokuwa wakibishania. Kuta za udongo zilihitaji paa lenye mabega mapana, na chini ya mabega hayo watu walipukuchua mahindi, wakaposa, wakagombana, wakapatana.

Huku uwandani walimbandika jina la Ukungu. Naye akazicheka nyumba zao. Mapaa yao yaliishia ukutani, hayakuzidi hata kiganja.

"Nyumba zenu zimenyolewa," alimwambia mkewe.

"Hapa tunanyoa," mkewe akajibu. "Usije ukasema hukuambiwa."

Akadhani ni ubahili wa mabati.

Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa paa la mama mkwe. Mama huyu naye hakuwa wa hapo. Alizaliwa mabwawani, kule mto mkubwa unakotawanyika, akaletwa uwandani na marehemu mumewe. Nyumba aliyotaka ajengewe ilikuwa na sakafu iliyoinuliwa hadi magotini na kizingiti ambacho kila mgeni alijikwaa. Mafuriko hayakuwahi kufika pale hata siku moja. Yeye hakujali. Alilala vizuri akijua yuko juu.

Ukungu akampaulia kwa kipimo cha kwao. Mama mkwe akaketi chini ya upenu, akanyoosha miguu yake iliyovimba, na jua likaishia pale pale kwenye kucha.

"Mwanangu," akasema, "umenijengea kivuli."

Sifa hiyo ilimwingia Ukungu kuliko malipo yoyote. Akauongeza na wa nyuma, mpana vile vile.

Kisha msimu wa upepo ukaingia. Alasiri moja alikuwa karakanani akipiga randa mlango wa mtu, simu ikalia. Mkewe.

"Njoo kwa mama. Paa linapumua."

"Linapumua vipi?"

"Linapanda, linashuka. Njoo bwana, acha maswali!"

Alinyakua msumeno na kamba, akakimbia huku mchanga ukimchapa shingoni. Upepo ulikuwa ukishuka kutoka kwenye pengo la milima, milima ile ile ya kwao, ukavuka uwanda mzima bila kukuta mti wa kuuuliza unakwenda wapi. Nyumba zilizonyolewa zilikuwa zimeinamisha vichwa, upepo ukateleza juu yake. Ya mama mkwe ilikuwa imetandaza mbawa. Upepo uliingia chini ya upenu, ukakosa pa kutokea, ukasukuma juu. Misumari ililia. Kati ya ukuta na paa ukatokea mstari wa mwanga, ukajifumba, ukatokea tena. Hapo ndipo Ukungu alipoelewa alichokuwa amekijenga.

"Mama yuko wapi?"

"Ndani. Nimemvuta nikashindwa." Mkewe alimwonyesha mkono wenye alama za kucha.

Ukungu akachungulia dirishani. Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya kitanda, amekumbatia kenchi, mbao iliyobeba paa, kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama," akasema. Ulimi ulikuwa umetangulia akili.

"Marahaba, mwanangu. Nimelishika."

"Achia, mama. Toka nje."

"Nje? Kwetu mambo yakiharibika mtu anapanda kitandani. Nje ndiko watu wanakofia."

"Yale ni maji, mama! Huu ni upepo!"

"Na umetoka kwenu. Ndugu zako hawa hata hodi hawapigi."

"Mama, hapa watu wanatoka wanalala mtaroni!" binti yake alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyezaliwa hapa!"

"Ulizaliwa kwenye kitanda hiki hiki. Nyamaza."

Paa likapanda. Visigino vya mama vikaacha godoro, vikaning'inia, vikarudi. Hakuachia. Lingekwenda lile paa, lingeondoka naye.

Ukungu akakata shauri. Akajifunga kamba kifuani, akampa mkewe ncha ya pili aizungushe kwenye nguzo ya tangi la maji. Akaegemeza ngazi mbele, upande wa upepo. Mabati ya upenu yalikuwa vipande vya pekee, vimepigiliwa kwenye mikia ya kenchi iliyochomoza nje ya ukuta; ukikata mikia, vinaondoka nayo. Akaanza wa kwanza. Mchanga ulimjaa machoni, akawa anakata kwa kusikiliza. Mkia ukadondoka, bati likakunjika kama karatasi, likapita juu ya kichwa cha mkewe.

"Uko mzima?"

"Kata!"

Sauti ikatoka ndani. "Mwanangu, unakata nini?"

"Upenu, mama!"

"Usikate kivuli changu!"

"Achia kenchi, mama!"

"Wewe acha msumeno, mimi niache kenchi!"

Hakuwahi kumkatalia mkwe jambo lolote, si chakula, si ushauri, si maneno ya utani. Mkono wake ulisita. Juu ya kichwa chake misumari miwili iling'oka kwa mlio mmoja.

"Siachi, mama," akasema, akaendelea kukata.

Alipofika mkia wa mwisho, msumeno ukabanwa katikati. Hauendi, haurudi. Mstari wa mwanga ulikuwa sasa mpana kama mkono. Akauacha msumeno pale pale, akaudaka mkia wa kenchi kwa mikono yote, akaning'inia. Ngazi ikaanguka. Mkwe ndani, mkwe nje, wameshika mti mmoja, na upepo unawataka wote wawili. Kwenye mbao alihisi mvuto wa upande wa pili: uzito wa mama yule mzee, aliyekataa katakata.

Mti ukalia, ukavunjika. Ukungu akaenda nao mpaka kamba ilipomkamata mbavuni. Bati la mwisho likajifyatua, likabiringika uwandani likipiga kelele.

Paa likashuka, likakaa. Lilitetemeka, lakini halikupumua tena.

Walimkuta mama bado amekumbatia kenchi. Binti yake ilimbidi amfungue kidole kimoja kimoja.

"Limekaa?"

"Limekaa, mama."

"Mimi ndiye niliyelishika."

"Ni wewe, mama," Ukungu akasema, mkono mbavuni.

Upenu wa nyuma, upepo usikopiga, ulibaki. Watu wakaiita nyumba ile Kofia Upande, na baadaye jina likahamia kwa fundi mwenyewe, jina la Ukungu likafa. Nyumba alizopaua tangu hapo zote zilinyolewa mbele na kuachiwa kivuli nyuma, na vijana waliozaliwa ndani yake hudhani uwandani ndivyo watu walivyojenga siku zote.

Wiki ile ile, mkewe akiingia na beseni, alijikwaa kwenye kizingiti kama kawaida yake.

"Na hiki je, fundi? Msumeno si bado una meno?"

Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba, miguu imenyooshwa. Hakugeuka, ila alitega sikio.

Ukungu akakitazama kizingiti. Akamwangalia mkewe, akashusha sauti.

"Hicho usikiguse," akasema. "Ruka tu."