Raha Isiyo na Mwanamume

Nanyori alikuwa mke mdogo wa Sakaya, Mwarusha wa upande wa Kisongo, na mama wa watoto wawili. Mwaka ule Wajerumani walikuwa wakiwakamata wanaume kwenda kubeba mawe ya kujengea ngome yao. Sakaya alirudi kutoka huko mabega yamechubuka, na hasira aliyoshindwa kumwonyesha askari akaileta nyumbani.

Alimkuta mkewe uani akitunga shanga pamoja na mama mkwe, Simaloi. Ghafla Nanyori aliacha kutunga. Alifumba macho, pumzi ikampanda, mwili ukatetemeka, akatoa sauti. Alikuwa amefika kileleni, na hakuna aliyemgusa. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imeshika uzi. Jambo hilo lilikuwa likimjia mara mojamoja tangu alipojifungua mtoto wa pili, bila yeye kuliita, wala hakuliona kuwa ugonjwa.

Sakaya aliielewa sauti ile. Hakukumbuka kuisikia kitandani kwake, akaona lazima kuna mwingine aliyemfundisha.

"Ni nani?" aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Usinifanye mtoto. Mtaje!"

"Muulize mama yako, alikuwa hapa. Labda alimwona mwanamume amejificha ndani ya shanga."

Simaloi aliziba mdomo asicheke.

Desturi ilijulikana. Mwanamume wa rika jingine akilala na mke wa mtu, alitoa ng'ombe na maneno yakaisha. Lakini mke aliyeficha jina alirudishwa kwa baba yake, na watoto wakabaki kwa mumewe. Kwa hiyo kila aliyempenda Nanyori alimshauri ataje jina, lolote lile. Alikataa. Atajeje mtu ambaye hayupo?

Siku ya tatu wazee wakiwa wamekaa kuamua shauri hilo, alikuja Kasaine, kijana wa rika la chini, amejipaka mafuta na udongo mwekundu, anaswaga mtamba mzuri.

"Baba Nosim, nakubali kosa," alimwambia Sakaya. "Ni mimi."

Wazee walimtazama mtamba, wakaridhika. Nanyori alisimama.

"Wewe? Lini?"

"Mama Nosim, usione haya. Nakuokoa."

"Unaniokoa, au unataka ukaimbe kwenye ngoma zenu kwamba unanitetemesha hata ukiwa mbali?"

Wazee wawili waliangua kicheko. Kasaine aliinamisha kichwa, lakini midomo ilikuwa ikitabasamu.

Nanyori alijua kwamba akinyamaza tu, watoto ni wake. Tabasamu lile ndilo lililomshinda. Alichukua fimbo, akamchapa mtamba mpaka akatoka mbio nje ya lango.

"Huyu hajanigusa. Hakuna aliyenigusa. Mwili ni wangu, na raha ilikuwa yangu. Sitampa mtu sifa ya bure!"

"Basi nenda kwa baba yako," Sakaya alisema. "Watoto waache."

Nanyori hakwenda. Aliwakumbatia watoto, akakaa langoni. Jioni ng'ombe walirudi wakampita pale pale. Namnyaki, mke mkubwa, alichukua kibuyu akaenda kukamua.

"Kiweke chini," Simaloi alimwambia. Namnyaki alimtazama Nanyori, kisha akakiweka.

Kukamua ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume aliyeshika kiwele angechekwa na rika lake lote. Ndama walilia, na mama zao wakawaitikia. Sakaya alizunguka zizi, akarudi kwa mama yake.

"Yeyo, ng'ombe wanaumia."

"Kamua."

"Mimi ni mwanamume!"

"Basi mwite yule uliyekuwa ukimtafuta tangu juzi, aje akukamulie."

Maziwa yalianza kudondoka yenyewe kwenye samadi. Sakaya aliyatazama.

"Kamueni," alisema.

"Na watoto?" Nanyori aliuliza kutoka langoni.

"Watakaa na mama yao."

"Na jina?"

"Hakuna jina."

Nanyori alisimama, akachukua kibuyu, akampita mumewe bila kumtazama. Alikuwa bado amekasirika sana. Alivuta chuchu kwa nguvu mno, na ng'ombe wa kwanza akampiga teke.