Bomba Lililokataa Kunguruma

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ilikuwa na ukungu, na manyunyu yale ya kuudhi ambayo hayalowanishi ardhi lakini yanalowanisha shati.

Hiyo ndiyo asubuhi niliyomwita rafiki yangu niliyemjua kwa miaka kumi na saba mwongo, mbele ya gereji nzima. Lori langu lilikuwa limewashwa nyuma yangu, na kila mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameziba masikio.

Niliwaona. Nikadhani wananikejeli.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni dereva wa lori la kokoto. Ni langu mwenyewe, kuukuu, lakini halijawahi kunilaza njiani. Nina miaka hamsini na mbili, na jioni nasoma darasa la watu wazima, maana shule niliikimbia nikiwa mdogo. Madereva wenzangu wananiita Mwanafunzi. Wacheke tu. Kicheko chao hakinifutii hata nukta moja kwenye daftari.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, naweka mikono juu ya usukani na kuomba. Nayasema haya ili mjue kwamba hii si hadithi ya mtu mbaya. Ni ya mtu aliyejiona mwema.

Balaa lilianzia mlimani.

Ule mlima wa kutoka machimboni, zamani niliupanda na shehena kamili huku napiga mluzi. Ghafla lori likaanza kuchoka. Linatetemeka, linataka kuzima katikati, na madereva wa nyuma wananimulikia taa kwa hasira.

Kibaya zaidi, sauti yake ilipotea. Ule mngurumo mzito wa kifuani, ambao ungenifanya nilitambue lori langu hata gizani, ukawa kama umefungiwa sandukuni.

Nikalipeleka kwa Fundi Cheche, huyo rafiki yangu. Ni mchomeleaji. Anatengeneza mabomba ya moshi kwa mkono wake: anapima, anakata, anakunja, anachomelea. Hana mpinzani.

"Bomba limechoka," nikamwambia. "Nataka jipya. Lingurume na livute."

Akacheka. "Mzee, kunguruma na kuvuta si mapacha. Bomba likiwa pana mno, moshi unazubaa humo ndani. Lori litapiga makelele, lakini mlimani halivuti. Kama mtu wa maneno mengi siku ya kubeba mizigo."

"Wewe tengeneza."

Akatoa mafla ya zamani, lile tumbo la chuma linalomeza kelele, akafunga fupi zaidi. Akawasha injini, uso umemng'aa.

"Sikia hiyo!"

Nikatega sikio. "Hiyo ni cherehani, Cheche."

Uso ukamshuka.

Wiki iliyofuata nikarudi. Akapanua bomba na kupunguza mafla hadi ikabaki kama kopo. Bado. Mlimani hoi, sauti hakuna.

Wiki ya tatu nikamwamuru aondoe mafla kabisa. Bomba tupu, kutoka injini moja kwa moja hadi juu, nyuma ya kebini.

"Mzee, utaua watu mtaani kwako."

"Watu wa mtaani hawaendeshi lori langu."

Akalifunga akiwa amenuna. Nikaondoka nalo. Na naapa, halikunguruma.

Hapo damu ikaanza kunichemka. Nilikuwa nakereka na kila kitu. Mwalimu wetu wa jioni, binti wa rika la mwanangu, alifundisha kwa sauti ya mgonjwa hadi nikahamia dawati la mbele. Nyumbani, mke wangu alinong'ona chini chini kama mtu mwenye siri.

Usiku mmoja, tulipomaliza kusali, akanigeukia.

"Baba, siku hizi mbona unasali kwa kupayuka? Mungu hajahamia ng'ambo ya mto."

"Ni moto wa maombi, mama," nikamjibu, kwa fahari kabisa.

Mungu anisamehe.

Nikaanza kumwaza vibaya Fundi Cheche. Nikajiambia ameficha mafla ndani ya bomba. Ananichezea. Anataka nirudi kila wiki kama mtoto wa kliniki.

Nikafunga siku tatu. Nikapiga magoti nikaomba, "Ee Mungu, mfichue aliye na kasoro kati yetu."

Siku ya nne nikaenda kwa mwenyekiti wa gereji. Ni mama anayeuza vipuri, mpole wa uso lakini mkali wa kauli. Sheria yao haina mjadala: fundi akithibitika kumdanganya mteja, anabeba zana zake anahama. Cheche ana watoto wanne na mama mzazi anayemtegemea. Nilijua. Nikashtaki hivyo hivyo.

Ndipo ikaja Jumamosi ile ya manyunyu.

Mama wa vipuri alinisogelea, akanitazama usoni. "Mwanafunzi, una hakika?"

"Sikilizeni wenyewe!" Nikapanda, nikawasha, nikakanyaga mafuta. Mafundi wote wakaziba masikio.

"Acheni maigizo!" nikafoka niliposhuka. "Likateni bomba! Mwongo huyu! Mafla imo humo!"

Nikalizima. Fundi Cheche akachukua msumeno wa chuma. Akalipasua bomba lake mwenyewe, kazi ya siku mbili, akalifunua kama samaki.

Tupu. Safi. Ngumi ingepita.

"Basi ameharibu injini!" nikasema. Nilikuwa nimeshazama, lakini bado napiga maji teke. "Mbona mlimani halipandi?"

Dereva mwenzangu, tunayemwita Mkono Mrefu, akaninyang'anya ufunguo. Akalitoa lori langu getini, na kokoto zake, na bomba lake lililopasuka. Akaupanda mlima ulio nyuma ya gereji, akageuza, akarudi, akanirudishia ufunguo.

"Lori ni zima kabisa," akasema. "Linapanda kama swala. Wewe unabadili gia saa ngapi?"

"Nabadili kwa sikio, kama dereva yeyote wa zamani. Mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini ulikufa miaka mingi iliyopita."

"Kwa sikio," Fundi Cheche akarudia, polepole.

Akanitazama. Si kwa chuki. Kwa namna ambayo fundi hutazama chuma anachokishuku.

"Mzee, nipe mgongo. Tazama ukuta."

"Mchezo gani huu?"

"Nipe mgongo tu."

Nikageuka. Nikautazama ukuta. Nikasubiri hadi nikachoka.

"Haya, mnangoja nini? Pigeni hicho mnachotaka kupiga!"

Kimya.

Nikageuka kwa hasira. Fundi Cheche alikuwa hatua tatu nyuma yangu, ameshika nyundo. Kipande cha bomba kilikuwa miguuni pake, kimebonyea. Mama wa vipuri amejiziba mdomo. Hakuna aliyecheka, hata Mkono Mrefu, ambaye hucheka hata msibani.

"Nimepiga mara nne, Mzee," Cheche akasema. Mara hii alinisogelea karibu ndipo akasema.

Nikakaa juu ya tairi.

Miaka thelathini nimekaa juu ya injini ile bila hata kipande cha pamba masikioni. Ndiyo maana gia nilizibadili kwa kuchelewa, na lori likateseka mlimani. Ndiyo maana mwalimu alikuwa "mgonjwa" na mke wangu "ananong'ona". Maneno ya watu nilikuwa nayasoma midomoni mwao bila kujijua. Niliomba afichuliwe mwenye kasoro, na maombi yangu yakajibiwa Jumamosi ile.

Sitawadanganya kwamba nilipata amani. Nilikuwa na hasira hadi meno yakaniuma. Na safari hii sikuwa na wa kumtupia.

Ndugu yangu unayesoma, mafundi wana desturi moja: kabla ya kukikataa chuma, wanakagua kwanza kipimo chenyewe. Mimi nilimkataa mtu, na kipimo kibovu nilikuwa nacho mwenyewe, pande zote mbili za kichwa.

Mama wa vipuri akainama karibu yangu. "Ulimshtaki kwa sauti. Msafishe kwa sauti."

Nikasimama. Nikamkabidhi Mkono Mrefu ufunguo wa lori, nikamshika Fundi Cheche mkono, na kwa kuwa sikujua tena sauti yangu ina ukubwa gani, nikaiachia yote:

"Sikilizeni nyote, na Mungu anasikia! Fundi huyu hajanidanganya hata siku moja. Mwongo nilikuwa mimi, na namwomba radhi. Jumatatu nakwenda kwa daktari wa masikio, na naahidi mbele yenu, usukani siushiki mpaka aniruhusu. Na bomba la nne, atachagua Cheche!"