Majibu Kumi Aliyomwandikia Wifi Yake

Mwalimu Febronia alianza kumwonea wivu wifi yake siku ile ile alipoombwa amfundishe.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kumi na mitatu kati ya hiyo ameimalizia kwenye ubao wa sekondari moja ya Masumbwe, akifundisha Kiingereza. Mji mzima ulimwita Madamu. Mtu akiletewa barua na kampuni ya mgodi asiielewe, au kijana akiitwa kwenye usaili, swali lilikuwa moja tu: "Madamu yupo nyumbani?"

Walikuja Jumapili, baada ya misa ya pili: mdogo wake Paschal, na mke wa Paschal, Dorika, muuguzi mkunga katika kituo cha afya cha pale pale mjini. Dorika alikunja goti kidogo, akasema, "Shikamoo, wifi," halafu akanyamaza amwachie mumewe aseme.

"Dada," Paschal alisema, "kuna wakala anatafuta wauguzi wa kwenda Uingereza. Dorika kila kitu anacho. Kimebaki ule mtihani wa Kiingereza. Sasa Kiingereza cha wilaya hii si chote kiko kwako?"

Febronia alicheka, kama watu wanavyocheka wakisifiwa. Akasema hakuna shida, aje jioni vipindi vikiisha. Lakini walipoondoka alibaki amekaa mbele ya vikombe vya chai, hana nguvu ya kuvitoa.

Mtihani ule aliufahamu. Miaka tisa nyuma alikuwa amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili Scotland, na kilichobaki kilikuwa hicho hicho: aufanye, atume alama. Tarehe alikuwa nayo. Wiki mbili kabla yake, shimo la dhahabu liliporomoka kule Nyarugusu likamvunja Paschal mguu. Baba yao alikuwa ameshafariki, mama yuko Ushirombo na presha yake. Febronia ndiye aliyekwenda Mwanza, akalala kwenye mkeka pembeni ya kitanda cha mdogo wake mwezi mzima. Tarehe ikapita, na nafasi ikapita nayo. Paschal alipona, akarudi shimoni, akapata dhahabu, akajenga, akaoa. Hakuna aliyewahi kumuuliza Febronia ile safari iliishia wapi. Naye hakuwahi kusema.

Sasa Paschal huyo huyo anamlipia mkewe mtihani huo huo.

Walianza Jumatatu, katika darasa la kidato cha pili, wanafunzi wakiwa wameshaondoka. Febronia alitegemea kukuta mtu wa kumhurumia. Kiingereza cha Dorika kilikuwa cha ovyo kweli. Wakati uliopita na wakati ujao alizichanganya kama mboga kwenye sufuria, na kwa kuwa alizaliwa kijiji cha Wasukuma nje ya Kahama, "r" na "l" kwake zilibadilishana viti zilivyotaka. Lakini hakuwa na woga. Akikosea alicheka, akajirudia, akaendelea. Alikuwa amefanya kazi miaka mitatu na daktari wa kigeni asiyejua Kiswahili, na katika chumba cha kujifungulia mtu hangoji sarufi.

Siku ya nne Febronia alimpa zoezi la kusimulia kwa dakika mbili tukio ambalo hatalisahau. Dorika alifumba macho, halafu akasimulia habari za mwanamke mmoja, jina lake Sikujua, aliyeshikwa na uchungu juu ya pikipiki barabara ya Nyakafuru, mvua inanyesha, na jinsi alivyomzalisha pembeni ya mtaro huku dereva ameshikilia turubai na kugeuza uso kwa aibu. Mtoto alipotoka hakulia. Dorika alimpulizia, akamsugua mgongo, akampulizia tena. "Halafu," alisema kwa Kiingereza chake kilichovunjika, "alikasirika. Alikasirika sana, akatupigia kelele sisi sote."

Febronia alishtuka kugundua kwamba kalamu nyekundu iko mkononi na hajaandika hata kosa moja.

"Vipi, wifi? Nimekosea sana?"

"Makosa ni mengi," Febronia alijibu. "Mengi mno."

Kilichomuuma hakikuwa Uingereza tena. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa ameongea Kiingereza kisicho na doa, na hakukumbuka siku hata moja ambayo mtu alimsikiliza akasahau alipokaa. Kila sentensi yake aliikagua kabla haijatoka mdomoni. Huyu wa juzi anamwaga tu maneno, na ndani ya maneno hayo kuna mvua, kuna mtaro, kuna mtoto.

Jioni hiyo, hata kabla hajapika, alichukua daftari jipya akaandika majibu kumi. Kuhusu familia, kuhusu mji wako, kuhusu mwalimu unayemkumbuka, kuhusu kazi yako. Aliyaandika kwa Kiingereza kizuri mno, chenye misemo aliyoipenda tangu chuoni. Kesho yake alimkabidhi Dorika.

"Hivi ndivyo wanavyotaka," alisema. "Kariri neno kwa neno. Usiongeze lako."

Alijua anachofanya. Kitabu cha mwongozo alikuwa amekisoma chote. Kilisema wazi kwamba mtahini akigundua mtu amekariri, anamkata alama. Ukurasa huo hakumwonyesha.

"Wabeja, wifi," Dorika alishukuru kwa Kisukuma, amekumbatia daftari kifuani. "Sijui nitakulipa nini."

Na alikariri. Alikariri akiwa zamu, akiwa jikoni, akiwa anafua. Wiki kwa wiki ile sauti yake ya kucheka ilipungua, ikabaki sauti ya mtu anayesoma tangazo. Febronia aliisikiliza, akapata raha ambayo hakutaka kuitazama usoni. Na katika wiki hizo hizo, bila kumwambia mtu, alihuisha pasipoti yake iliyokuwa haijawahi kugongwa muhuri, akajiandikisha mtihani tarehe ile ile ya Dorika, Dar es Salaam.

Waliomba ruhusa kazini kwa sababu tofauti. Dorika alijua wifi yake anamsindikiza. Asubuhi ya mtihani, watu walipojipanga na pasipoti mkononi nje ya ukumbi, aligeuka kumpa mkoba amshikie, akamwona Febronia naye amesimama kwenye mstari.

"Wifi? Na wewe?"

"Na mimi." Febronia alimwonyesha pasipoti yake.

Dorika alimkodolea macho, halafu akamrukia shingoni mbele za watu. "Mungu wangu! Mbona hukusema? Mimi usiku mzima naogopa kwamba nitakuwa peke yangu!"

Sehemu za kusikiliza, kusoma na kuandika zilikwisha kabla ya mchana. Mazungumzo yalikuwa ya mmoja mmoja, na Dorika alipangiwa kutangulia. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya korido, bega kwa bega. Midomo ya Dorika ilikuwa inacheza, anapitia majibu kumi. Febronia alijua kwamba sentensi moja ingetosha: achana na daftari, ongea kama ulivyoongea siku ile ya Sikujua. Alifungua mdomo.

"Kunywa maji kidogo," alisema. "Koo lisikauke."

Dorika akanywa, akaingia.

Zamu yake ilipofika, Febronia alikaa mbele ya mtahini, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, akajibu maswali ya mwanzo kwa usahihi na ubaridi. Kisha akapewa kadi: aeleze safari aliyoipanga lakini hakwenda. Alipewa dakika moja ya kujiandaa, na hakuandika kitu. Alipoanza, alimweleza mama yule habari ambazo hakuwahi kumweleza mtu wa kwao: barua ya chuo, mguu wa Paschal, mkeka, harufu ya dawa wodini, na asubuhi ya tarehe ile alipokuwa anamwosha mdogo wake miguu huku akitazama saa ya ukutani. Alikosea wakati uliopita mara mbili, akasikia, hakurudi kusahihisha. Mtahini hakumkatiza.

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Febronia alipata wastani wa saba na nusu kati ya tisa, na katika mazungumzo nane kamili. Dorika alihitaji saba kwenye mazungumzo. Alipata tano na nusu.

Alikuja mwenyewe kumpongeza, na ndizi mbivu kwenye kikapu. Macho yalikuwa yamevimba, lakini alitabasamu. "Hongera, wifi. Mimi mtahini wangu, baba mmoja, alinikatiza mara tatu. Kila nikianza jibu, ananiuliza kitu kingine. Mwisho nikakwama kabisa. Kichwa changu ni kizito, basi."

Hapo ndipo Febronia aliposhindwa. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa anamdai neno. Lakini kusikia mtu anajilaumu kwa kosa lake yeye, kulimzidi.

"Kichwa chako hakina kosa, Dorika. Nilijua watakukata alama ukikariri. Imeandikwa kwenye kitabu. Nilijua siku niliyokuandikia, na nilijua pale kwenye korido."

Dorika aliweka kikapu chini polepole. "Kwa nini?"

"Nilikuwa nakuonea wivu. Bado nakuonea."

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na ile siku ya mvua, habari ya Sikujua... niliongea vizuri?"

"Sijawahi kusikia mtu akiongea vizuri hivyo."

Dorika akatikisa kichwa, akatoka. Kikapu alikiacha.

Tangu siku hiyo alimwita Mwalimu, si wifi tena. Walipokutana kanisani alimwamkia kwa heshima zote, na heshima hiyo ilimchoma Febronia kuliko matusi. Paschal hakuambiwa kitu. Febronia alisubiri miezi mitatu mdogo wake aje kumfokea. Alichofanya Paschal ni kulalamika kwamba mkewe siku hizi hataki tena kufundishwa. Dorika alikuwa amelinyamazia jambo lote. Hata kwa hilo Febronia alimwonea wivu, kwa kuwa alijua yeye asingeweza.

Mwaka uliofuata Dorika alirudia mtihani, peke yake, bila daftari. Akapata saba. Aliondoka mwezi wa tatu. Huko Ushirombo kwa mama mkwe walimfanyia sala na chakula, na Febronia alipika pilau tangu alfajiri bila kuombwa. Wakati wa kuagana Dorika alimpa mkono, akaushikilia kidogo zaidi ya alivyowashikilia wengine.

Febronia naye alituma maombi vyuo vitatu. Viwili vilimkataa, kimoja kimemkubali ila ajitafutie mfadhili, na bado anatafuta. Darasani amepunguza kalamu nyekundu. Mwanafunzi akianza kusimulia, anamwacha afike mwisho.

Juzi Dorika alituma kwenye kundi la familia picha yake akiwa na sare ya bluu, nyuma yake jengo la matofali na mvua nyembamba. Febronia aliikuza kwa vidole viwili, akatazama kitambulisho kifuani, viatu, hata mwavuli wa mtu aliyekuwa anapita. Wivu ulimjia kama siku ya kwanza, haukupungua hata chembe. Aliandika, "Hongera sana, wifi," akatuma, akazima simu, akaingia kidato cha pili.